Ndizi za Nazi Bila Sukari

Leo tunajifunza kupika kitu kitamu bila kutia sukari. Huku kwetu Mbagala, Chamazi, Bunju na Mabwepande wako watu wengi walioambiwa na daktari, "Punguza sukari." Mtu akirudi nyumbani anakuta ndizi za nazi zimetiwa sukari kikombe kizima. Afanye nini? Akikataa ataambiwa anaringa. Akila anajiumiza.

Tupige hesabu kwanza. Kikombe kimoja cha sukari kina gramu 200 hivi. Sufuria hiyo ikiliwa na watu 5, kila mmoja amekula gramu 40. Kijiko cha chai huchukua gramu 4. Basi kila mtu amekula vijiko 10! Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 12 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya 6 ni bora zaidi. Na hapo chai bado hatujaihesabu.

Sasa tupike. Tafuta ndizi mzuzu 4 zilizoiva sawasawa. Ganda liwe la njano lenye madoa meusi, maana ndizi isiyoiva ndiyo inayotufanya tukimbilie sukari. Menya, pasua kwa urefu, toa ule uzi wa katikati. Kuna nazi moja. Mimina nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kamua, chuja. Hilo ni tui zito, liweke kando. Mimina tena kikombe kimoja na nusu, kamua upate tui jepesi. Chemsha ndizi ndani ya tui jepesi pamoja na chumvi kidogo sana mpaka zilainike. Halafu tia tui zito na iliki 4 zilizotwangwa. Usifunike sufuria. Tikisa au koroga polepole, tui lisikatike. Likianza kuchemka, epua. Chumvi ile kidogo na iliki ndizo zinazoamsha utamu. Boga nalo hupikwa hivyo hivyo.

Ubuyu je? Ubuyu wenyewe ni mzuri, lakini ule mwekundu wa kwenye vipakiti umepikwa na sukari na rangi. Nunua unga wa ubuyu mtupu, ukoroge kwenye maji, utie embe bivu lililopondwa.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaofuata mlo wa watu wa kale. Hawali nafaka, maharage, maziwa wala sukari ya kiwandani. Wanasema binadamu wa zamani waliishi kwa nyama, mizizi, matunda na asali. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wamekula hivyo miaka mingi: nyama ya porini, mizizi, ubuyu, na asali wanaipenda kweli kweli. Lakini kwa maoni yangu, mtu wa Temeke asiache maharage kwa sababu hiyo. Maharage ni chakula kizuri, tena bei yake ni nafuu kuliko nyama. Tuchukue lile la sukari tu. Na asali tusidanganyane: nayo ni sukari, ihesabu kwa vijiko. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, maana inaweza kumletea sumu ya hatari mwilini.

Mwenye kisukari asikilize vizuri hapa. Ndizi mbivu ina sukari yake yenyewe, na nazi ina mafuta mengi. Ale kipande kidogo, asichanganye na wali, na aulize zahanati kiasi kinachomfaa. Tena anayetumia vidonge vya kisukari au sindano za insulini asikatishe vyakula ghafla kwa shauri la jirani. Sukari mwilini inaweza kushuka mno. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuona kizunguzungu, apewe upesi maji ya sukari anywe, maadamu ana fahamu. Akipoteza fahamu asinyweshwe kitu, awahishwe hospitali.

Maswali: Nyumbani kwako sukari kilo moja inakwisha kwa siku ngapi? Mnaitumia watu wangapi? Kila mtu anapata vijiko vingapi kwa siku? Andika majibu katika daftari lako, uje nalo darasani.