Wanaookota Masazo: Mchoro Unatufundisha Nini Kuhusu Kazi?

Katika somo la falsafa ya uzuri tunajiuliza: nani anastahili kuchorwa?

1. Mchoraji wa wakulima
Huko Ufaransa, tangu karne ya 17, wasomi wa sanaa walipanga picha kwa madaraja. Juu kabisa ziliwekwa habari za Biblia, wafalme na vita. Maisha ya kila siku na mandhari ya mashamba yalikaa chini. Jean-François Millet (1814–1875), mtoto wa wakulima, aliwachora wapanzi na wachungaji kwa chaki nyeusi na kwa rangi. Mwaka 1857 alionyesha mjini Paris picha ya wanawake watatu wakiokota masuke yaliyosazwa shambani. Nyuma yao mavuno yamerundikana, na msimamizi amepanda farasi. Baadhi ya wahakiki walikasirika kuona maskini wamepewa nafasi ya mashujaa. Sisi tunamkumbuka Ruthu katika shamba la Boazi.

2. Mng'ao uko wapi?
Mtakatifu Thoma wa Akwino anataja mambo matatu ya uzuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Mgongo ulioinama una mng'ao gani? Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens (1981), anafundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Basi mng'ao ni wa mtu mwenyewe, hata kazi ikiwa duni machoni petu.

3. Kwetu Tarime na Serengeti
Ng'ombe tunawahesabu, na mahari tunaihesabu. Lakini mama aliyeteka maji alfajiri, akapalilia mahindi, kisha akapepeta ulezi, bado tunasema, "Hana kazi, yupo tu nyumbani." Tunakula jasho lake bila kuliona.

Hata hivyo, tusichore ili kuupamba umaskini. Millet hakumficha msimamizi wala rundo la mavuno. Mchoro wa kweli huonyesha pia nani amebaki na nini.

4. Zoezi
Wiki hii, tuchukue penseli na karatasi. Tumwombe ruhusa mtu mmoja, tumchore akiwa kazini kwa dakika 20, tukianza na mgongo na mikono. Kisha tujadili katika jumuiya ndogo ndogo:
- Uzito wa kazi hii unaonekana wapi mwilini mwake?
- Mavuno yake yanaishia mikononi mwa nani?
- Nyumbani kwetu, ni kazi ya nani ambayo hatujawahi kuiita kazi?