Mteja akisema sili ya chuma imevuja siku ya pili, usikimbilie kurudisha hela. Soma hii kwanza

Leo somo ni la wanaouza spea za mitambo mtandaoni, ila hata kama unauza blenda, mwisho wake utakuhusu.

Mimi nauza spea za ekskaveta na buldoza, niko Gerezani, Dar. Sijasomea ufundi, nimemaliza form four nikaingia dukani. Mwaka jana nilimtumia kaka mmoja kule Chunya seti ya sili za chuma za fainali draivu. Mzigo ukapanda basi, ukafika, akashukuru. Siku ya tatu napokea simu: "Dogo, umeniuzia feki. Imefungwa jana, leo oili inamwagika. Nirudishie hela yangu au nakuanika kwenye magrupu yote."

Jamani, nilitetemeka. Na kilichoniuma zaidi, aliponiuliza "sili hii inafungwaje?" sikuwa na jibu. Nilikuwa nauza kitu nisichokijua.

Nikamwambia, "Kaka nipe siku moja. Ila mwambie fundi akifungua apige picha kabla hajafuta chochote." Halafu nikaenda kwa mzee mmoja jirani, fundi wa mitambo wa siku nyingi. Nikamwamkia, nikamweleza, akacheka. Akachukua seti mpya akanifundisha. Haya ndiyo aliyonifundisha.

SILI HII NI NINI

Fainali draivu ni lile giaboksi la mwisho linalozungusha sproketi, na sproketi ndiyo inavuta cheni. Linakaa kwenye tope na mchanga muda wote. Sili ya kawaida ya raba haidumu pale, ndiyo maana wanatumia ya chuma.

Seti moja ina pete 2 za chuma zinazofanana na raba 2 za duara. Pete moja inakaa upande uliosimama, nyingine upande unaozunguka. Nyuso zao zimesagwa hadi zikang'aa kama kioo, na zinakutana uso kwa uso. Hapo ndipo oili inazuiwa isitoke na tope lisiingie.

Raba ina kazi tatu: inasukuma pete kama springi, inazuia oili isipite kwa nyuma, na inashikilia pete isiteleze kwenye nyumba yake. Hiyo ya tatu ishike vizuri, ndiyo iliyomponza mteja wangu.

INAVYOFUNGWA

1. Badilisha seti nzima. Usichanganye pete ya zamani na mpya, wala raba ya zamani na pete mpya.

2. Safisha nyumba ya sili, hasa ule mteremko ambao raba inakaa. Ondoa tope, kutu na gundi ya zamani. Kukiwa na ncha kali, ilainishwe, la sivyo itakata raba.

3. Futa pete, raba na mteremko kwa kitambaa safi kisichoachia nyuzi, chenye spiriti inayokauka haraka. Raba na sehemu inapokaa ziwe KAVU. Usipake oili. Usipake grisi.

4. Vesha raba kwenye pete ya chuma. Ule mstari mwembamba wa kiwandani unaoizunguka raba uangalie. Ukiona umepinda au umezunguka, raba imejisokota. Ivute kidogo uiachie hadi ikae sawa.

5. Sukuma pete kwenye nyumba yake kwa kifaa cha duara kinachoshika pande zote kwa pamoja, msukumo mmoja ulio sawa. Bisibisi weka mbali. Ukisukuma upande mmoja mmoja, raba inajisokota.

6. Pima kimo cha pete kutoka kwenye nyumba, sehemu 4 kuzunguka. Tofauti isizidi milimita 1, na mwongozo wa mashine ukitaka ndogo zaidi, fuata mwongozo. Ikizidi, itoe urudie. Usiigonge ili "ikae".

7. Futa zile nyuso zinazong'aa, kisha paka oili safi kidogo sana, kwenye uso wa chuma TU. Isiguse raba. Hakikisha spiriti yote imekauka.

8. Kutanisha pande mbili taratibu, zikiwa zimenyooka katikati. Ukizibamiza, uso unaweza kuchubuka au pete kupasuka. Ni chuma kigumu, lakini kinavunjika kikigongwa.

Nikamuuliza mzee, kwa nini grisi ni kosa wakati mafundi wengi wanapaka ili iingie kirahisi? Akanijibu: "Ikiingia kirahisi na inatoka kirahisi." Raba yenye grisi inateleza. Ikiteleza, pete inakaa upande, nyuso hazikutani sawa, oili inatoka na mchanga unaingia. Mchanga ukishaingia, uso unachanika, hapo sili imekufa.

PICHA ZIKAJA

Kesho yake picha zikaingia WhatsApp. Raba imejaa grisi. Sehemu moja imevimba kama imekunjwa. Uso wa pete una mikwaruzo upande mmoja tu. Nikamtumia mzee, akasema, "Sili haina kosa. Mfungaji hakujua."

Ningeweza kumpigia mteja nimwambie "si shida yangu". Lakini nikajiuliza, mimi nilimwambia nini wakati namuuzia? Nilituma namba ya malipo na picha ya risiti ya basi, basi. Fundi wake hakujua, na mimi muuzaji sikujua.

Nikampigia nikamweleza hatua kwa hatua, bila kumdhalilisha fundi wake. Nikampa seti ya pili kwa bei niliyonunulia, nauli ya basi nikalipa mimi. Kabla ya kufunga nikaongea na fundi mwenyewe kwa simu. Faida sikupata, ila mashine ikafanya kazi, na yule kaka mpaka leo ni mteja wangu. Magrupu aliyotaka kuniainika, ndiko ananiletea watu.

NINAVYOUZA SASA

- Kabla ya kupokea hela nauliza: modeli ya mashine, namba iliyoandikwa kwenye sili ya zamani, na vipimo vya nje, ndani na kimo. Namba ikifutika, vipimo vinaokoa. Naomba na picha ya raba, maana si zote ni za duara.
- Pete nazituma kwenye boksi lake, nyuso zikiwa zimetazamana. Sizifungui kumwonyesha mtu wala kushika uso kwa vidole.
- Kila mzigo una karatasi ya hatua hizi 8, na sauti ya dakika 2 WhatsApp kwa ajili ya fundi.
- Sharti la kurudisha nalisema mapema: picha kabla ya kufunga, na ikivuja, picha kabla ya kufuta. Tukiwa na picha hatubishani.

Sasa wewe unayeuza blenda, simu au wigi: bidhaa yako inaharibikaje mikononi mwa mteja siku ya kwanza? Kama hujui, tafuta anayejua ukamuulize leo. Mteja hatofautishi bidhaa mbovu na bidhaa iliyotumiwa vibaya. Kwake zote zina jina lako.

Hifadhi posti hii, mtumie na fundi wako. Kama ulishawahi kudaiwa hela kwa kosa la ufungaji, tuambie kwenye komenti ulilimalizaje.