CNC ya Bei Nafuu ya Kuchonga Stairofomu: Lipia Unyoofu, Usilipie Nguvu

Stairofomu, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni, inawafaa sana watengeneza mabango, wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa faibaglasi. Kuikata kwa mkono hadi herufi zote zifanane ndiyo kazi ngumu. Nilijenga mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kunifanyia kazi hiyo, na nataka nawe uijenge bila kupoteza pesa. Stairofomu haina ubishi: kisu hupita ndani yake karibu bila kusukumwa. Kwa hiyo huhitaji fremu ya chuma wala mota kubwa. Mashine ikiwa imenyooka, inatosha.

Fremu

Nilitumia plaiwudi ya milimita 18, nikaipeleka kwa seremala mwenye msumeno wa meza ili kingo zitoke sawa. Reli ni fimbo laini za chuma kutoka printa chakavu. Kabla ya kulipa, viringisha kila fimbo juu ya kioo, ikiyumba, iache.

Pembe zikague kwa hesabu ya mafundi ujenzi wanapopima msingi, ile ya 3-4-5: upande mmoja milimita 300, wa pili 400, na kati ya alama hizo mbili ipatikane 500 kamili. Kisha sukuma kigari, kile kinachobeba kichwa cha kuchonga, kwa kidole kimoja kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Kikikwama mahali, legeza skrubu, panga reli upya, kaza tena. Usifunge mota kabla kigari hakijateleza chenyewe.

Mwendo na umeme

Mota za NEMA 17 zinatosha pande zote. Mbele-nyuma na kushoto-kulia tumia mkanda wa GT2 na puli ya meno 20. Juu-chini tumia skrubu ya T8 inayosogea milimita 2 kwa mzunguko; hiyo haiachi kichwa kishuke umeme ukikatika.

Ubongo ni Arduino Uno yenye CNC Shield na draiva za mota za A4988. Programu ni GRBL, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norwei, na ni ya bure. Mota hupiga hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ikigawa kila hatua mara 16, unapata 3200. Meno 20 ya mkanda wa milimita 2 ni milimita 40, na 3200 gawanya kwa 40 ni hatua 80 kwa milimita. Kwenye mipangilio ya GRBL andika $100=80 na $101=80. Kwa skrubu, 3200 gawanya kwa 2 ni 1600, hivyo $102=1600. Agiza mashine isogee milimita 100, kisha pima kwa rula ya chuma. Na usichomoe kamwe waya wa mota umeme ukiwa umewashwa, draiva huungua.

Kuchonga

Adui wa stairofomu ni joto. Biti, yaani kisu kinachozunguka, ikienda kasi huku ikisogea polepole, inasugua badala ya kukata, na stairofomu inayeyuka na kuganda kwenye biti. Punguza mzunguko, ongeza mwendo. Mimi huanzia milimita 1500 kwa dakika, kwa biti kali na ndefu. Shikilia ubao wa stairofomu kwa utepe wa gundi wa pande mbili, maana vibano huuacha na mashimo. Vaa barakoa na uwe na kifyonza vumbi karibu, kwa sababu chembe zake huruka kila mahali.

Kazi ikitoka, usiikimbizie rangi ya kupuliza wala gundi ya viatu: vimumunyisho vyake huila stairofomu. Unganisha kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha paka rangi ya maji na uiache ikauke.

Mashine hii haitachonga mninga wala aluminiamu, na haikujengwa kwa hayo. Kwa herufi za mabango, mabawa ya ndege za mfano na maumbo ya faibaglasi, inatosha kabisa. Anza na fremu wiki hii; mota zinunue baada ya kigari kuteleza.