Somo la Juma: Chakula cha Kutusimamisha, Si cha Kutuangusha

Andiko la kusoma: 1 Wafalme 19:1-8



Eliya alichoka hata akaomba afe. Malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa, akala tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Kisha akatembea siku 40 mpaka Horebu.

Chakula kile kilimsimamisha. Chetu cha Jumapili mara nyingi kinatuangusha. Baada ya ibada tunakula sahani iliyojaa, na saa moja baadaye macho yanajifunga. Kusinzia kwenye kiti si dhambi. Lakini wako wanaotoka mezani na kushika usukani: Louisville mpaka Columbus ni zaidi ya saa tatu, Columbus mpaka Buffalo ni kama saa tano. Wengine jioni wanaingia kazi ya usiku ghalani, kwenye mashine. Hapo usingizi unaweza kuua.

Kwa nini tunasinzia?

Bugali, fufu, wali mweupe na chapati hugeuka sukari mwilini. Tukila vingi kwa mara moja, sukari ya damu hupanda haraka, kisha kwa wengine hushuka haraka, na nguvu hushuka nayo. Pia mwili una saa yake: kati ya saa saba na saa tisa mchana hupunguza mwendo hata kama hujala. Ndio wakati tunapokaa mezani. Na aliyefanya kazi Jumamosi usiku amekuja ibadani hajalala.

Tufanye nini?

1. Anza na sombe, lengalenga, maharagwe, samaki au nyama, bugali ifuate. Hivyo sukari hupanda polepole. Bugali au wali usizidi robo ya sahani.

2. Kunywa maji. Kopo moja la soda, mililita 355, linaweza kuwa na gramu 39 za sukari, kama vijiko tisa vya chai.

3. Tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula. Theluji ya Buffalo ikizuia, panga viti au saidia kuosha vyombo. Akina baba pia.

4. Usije ibadani na njaa ya tangu jana. Mwenye njaa kali hula kupita kiasi.

5. Kama una kazi ya usiku, kula mlo mkubwa kabla ya kuingia. Usiku beba chakula kidogo: mayai, karanga, tunda.

6. Ukisinzia njiani, kufungua dirisha au kuongeza sauti ya muziki hakutoshi. Toka barabarani, egesha mahali salama, lala dakika 20. Kahawa inahitaji karibu nusu saa kufanya kazi.

Kwetu kumjazia mgeni sahani ni heshima, na mama zetu wa jikoni wanastahili shukrani. Lakini mtu akisema ametosheka, tusimlazimishe. Anayebeba chakula chake kwenda nacho nyumbani hajadharau mpishi.

Uchovu usioisha

Ukichoka kila siku, una kiu nyingi, unakojoa mara kwa mara au macho yanaona ukungu, nenda ukapimwe kisukari. Kipimo cha A1C huonyesha sukari ya miezi miwili hadi mitatu. Chini ya 5.7 ni kawaida, 5.7 hadi 6.4 ni tahadhari, 6.5 na zaidi ni kisukari, na daktari kwa kawaida hurudia kipimo ili kuthibitisha. Upungufu wa damu huchosha pia, na vilevile kukoroma sana huku pumzi ikikatika usingizini.

Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Sema: “Naomba mkalimani wa Kiswahili.” Usimfanye mtoto wako mkalimani wa ugonjwa wako. Na unayetumia dawa za kisukari, zungumza na daktari kabla ya kubadili mlo au kufunga.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Eliya alihitaji chakula na usingizi kabla ya kupewa kazi mpya?
2. Ni nani kati yetu anaendesha gari mbali leo, na tutamsaidiaje apumzike kwanza?

Bwana awape nguvu juma hili.