Ngurumo Ni Nani?

Mtu akaaye katika nchi ya chai, tokea Kericho mpaka Bomet, aijua vema alasiri ya radi. Asubuhi huwa jua. Baada ya adhuhuri mawingu hupanda, na mara mvua ya mawe hupukutisha majani machanga yaliyokuwa yakingoja kuchumwa. Mchumaji alipwaye kwa uzito wa majani hupungukiwa ujira wake kwa dakika chache tu. Si ajabu, basi, ya kwamba wazee waliuliza: Ngurumo ni nani?

Hawakuuliza ni kitu gani. Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na desturi, walisema wako Ilet wawili, mwema na mwovu. Kishindo cha karibu ni yule mwovu atakaye kushuka kuua watu. Mngurumo wa mbali ni yule mwema amfukuzaye. Bwana A. C. Hollis aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1909. Hebu fikiri faida yake kwa mama aliye gizani na watoto waliao: sauti ile ile iliyowatisha, ikienda mbali, imekuwa sauti ya mlinzi.

Katika kitabu hicho mna hadithi nyingine, nami naipenda zaidi. Hapo kale Ngurumo, ndovu na mwindaji wa msituni walikaa pamoja. Ngurumo aliona ya kuwa mtu aweza kugeuka ubavu usingizini bila kuinuka kwanza. Akaogopa, akakimbilia mbinguni. Ndovu alicheka, kwa kuwa mtu ni mdogo. Ndipo mtu akatengeneza upinde na sumu, akampiga mshale. Ndovu akainua mkonga akilia achukuliwe juu, lakini Ngurumo akakataa.

Wataalamu wa hali ya hewa nao wana maelezo yao. Upepo utokao Ziwa Viktoria hukutana na upepo wa mashariki juu ya vilima hivi, hewa yenye unyevu ikapanda mpaka ikaganda. Mwaka 1982 mtaalamu Schnell na mwenzake waliandika ya kwamba vumbi la majani makavu ya chai yaliyoanguka chini laweza kuwa chanzo cha chembe ambazo barafu hushikamana nazo mawinguni. Vumbi hilo hutimuliwa na miguu ya wachumaji! Maelezo haya yatufundisha jinsi mvua ya mawe inavyofanyika. Hadithi yauliza neno jingine: kiumbe huyu mdogo atawatenda nini majirani zake? Ndovu wangali wapo katika msitu wa Mau, upande wa kusini-magharibi, unaopakana na mashamba ya chai.