Ufa wa Paa la Kioo na Dhamana Iliyokataliwa

Paa la kioo la gari, ambalo mafundi wa Nairobi huliita sanrufu, hutengenezwa kwa mojawapo ya aina mbili za kioo, na mwenye gari asiyejua aina aliyonayo huwa ameshapoteza nusu ya madai yake kabla hajafika kwa muuzaji. Aina ya kwanza ni kioo kilichokazwa kwa moto, yaani kilichopashwa hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi kisha kikapozwa ghafla kwa upepo, hivi kwamba ngozi yake ya nje hubaki imebanwa ilhali kiini chake kinavutwa. Kioo hiki hakipati ufa, bali hupasuka chote kwa mara moja na kuwa chembechembe. Aina ya pili ni kioo cha tabaka, ambacho ni mabamba mawili yaliyogandishwa kwenye utando wa plastiki ulio katikati, na ndicho kinachoweza kutembea na ufa mmoja wiki nzima bila kumwagika. Kwa hiyo paa lenye ufa mmoja mwembamba kama uzi ni la tabaka, hata kama mtu wa mapokezi atashikilia vingine.

Hatua za kufuata ni tatu: kuhifadhi ushahidi, kuusoma ufa wenyewe, na kudai jibu la maandishi. Ya kwanza haihitaji maelezo, kwani kila mwenye simu anajua kupiga picha.

Ya pili ndiyo iliyomlia mwandishi wa makala haya wiki sita. Gari lake, lililonunuliwa jipya likiwa na dhamana ya miaka mitatu, lilikutwa asubuhi moja ya baridi ya Julai likiwa na ufa wa shubiri mbili uliotoka kwenye ukingo wa nyuma wa paa, nalo lilikuwa halijatimiza mwaka. Afisa wa dhamana, kijana mpole aliyemwita kila mteja “bosi”, alilitazama paa kutoka hatua mbili, mikono mfukoni, akasema, “Hili ni jiwe, bosi,” kisha akajaza kwenye fomu maneno “uharibifu wa nje”. Maneno hayo humaanisha chochote kinacholigonga gari kutoka nje, kuanzia kokoto hadi tawi la mti, na kuyaweka kwenye masharti ya dhamana si dhuluma, kwa kuwa kiwanda hakiwezi kujibia mawe ya barabarani. Dhuluma ni kuyaandika bila hata kupanda kwenye ukingo wa mlango kuangalia. Kijana huyo aliongeza ushauri kwamba jambo hilo lipitishiwe bima, ushauri unaosikika kama msaada ilhali ni mtego, kwa sababu mteja akishajaza fomu ya bima kwamba kioo kiligongwa na jiwe, karatasi hiyo huwa ungamo litakalosomwa siku atakaporudi kudai dhamana.

Aliyeufumbua mkasa huo ni mzee mmoja muuza vioo wa Barabara ya Kirinyaga, mtaa ambao sifa yake kwa vipuri ni kubwa kuliko unavyostahili, hasa kwa vioo vya paa vilivyong’olewa kwenye magari makuukuu, lakini ambao wazee wake wanakijua kioo. Mzee huyo alieleza kwamba jiwe huacha kishimo, na nyufa hutawanyika kutoka hapo kama miguu ya buibui, ilhali ufa wa mkazo, yaani ule unaoletwa na fremu iliyopinda au ukingo wenye dosari, huanzia ukingoni bila kishimo chochote. Alilipangusa paa kwa kitambaa chenye maji, akapitisha ukucha polepole juu ya ufa kwa nje, kisha akaingia ndani ya gari akafanya vivyo hivyo, kwa kuwa ukucha hunasa upande wa bamba lililopasuka na kuteleza kwenye lililo zima. Kwa nje uliteleza kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa ndani ulinasa. Kokoto lililopasua bamba la chini bila kuacha hata alama kwenye la juu ni kokoto la ajabu mno.

Kisha akaufunua mpira wa ukingoni kwa mpini wa kijiko cha mbao, akionya kwamba bisibisi ingekwangua kioo na kumpa muuzaji kisingizio kipya. Chini ya mpira, pale ufa ulipoanzia, palikuwa na kipengo kisichozidi punje ya mchele, na kipengo hicho kilikuwa kimejaa gundi nyeusi, ile inayokishikilia kioo kwenye fremu. Gundi haiwezi kujaza kipengo ambacho hakijakuwapo; kilikuwapo tangu kioo kilipobandikwa.

Huko kwa muuzaji wa gari, meneja, alipoombwa apitishe ukucha wake mwenyewe, alirudia mara tatu, akamwita msimamizi wa karakana, naye akarudia pia, lakini wote wawili wakaendelea kukataa kwa mdomo. Ndipo ilipofika hatua ya tatu, ambayo ni barua inayotaka kukataa huko kuandikwe na kifungu cha dhamana kitajwe. Nchini Kenya barua hiyo hupata meno kwa kutaja Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Siku nane baadaye kioo kipya kiliagizwa, ingawa mteja alitozwa gundi, jambo ambalo mwandishi hajalisamehe.

Kioo cha zamani kilitolewa baada ya ubishi mwingine wa nusu saa, kikiwa kimefungwa kwa magazeti. Gundi bado imo kwenye kipengo, na ukucha bado unanasa.