Kujitayarisha kwa Usaili wa Kazi ya Ualimu

Kwa miaka mingi mhitimu wa chuo cha ualimu nchini Tanzania alipangiwa shule bila ya kusailiwa. Utaratibu huo umebadilika. Kati ya tarehe 14 Januari na 24 Februari, 2025, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliwasaili waombaji wa nafasi za ualimu, kila mmoja katika mkoa alimoishi. Mwombaji wa Ilemela hakulazimika kusafiri mpaka Dodoma. Alilazimika, hata hivyo, kushindana na wenzake wengi, wakiwamo waliohitimu miaka kadhaa kabla yake na waliokuwa bado wakingojea kazi.

Usaili wa namna hii huwa na mtihani wa kuandika, ambao ni chujio, na mahojiano ya ana kwa ana. Wanachuo wengi huukabili kwa kukusanya maswali ya zamani na kukariri majibu yake. Hatuwalaumu sana, kwani ndivyo walivyozoea kufaulu mitihani tangu shule ya msingi. Lakini jibu lililokaririwa huishia pale msaili anapouliza, "Kwa nini?"

Tuchukue mfano. Msaili anasema: "Mwanafunzi wako ameandika kwamba 1/2 + 1/4 = 2/6. Utamsaidiaje?" Mwombaji aliyekariri atajibu kwamba atamfundisha kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Jibu hilo si kosa, ila halimwangalii mtoto. Mtoto huyu amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, kwa kuwa ndivyo anavyojumlisha namba nzima. Kosa lake lina mantiki yake. Mwalimu aliyejiandaa atamrudisha kwenye vitu anavyovijua. Mtoto wa Kirumba au wa Igombe ameona dagaa wakipimwa tangu hajaanza shule. Basi aulizwe: mama amenunua nusu debe ya dagaa, kisha akaongeza robo debe, je, sasa ana dagaa wengi kuliko mwanzo, au wachache? Atajibu kuwa ni wengi. Ndipo aoneshwe, kwa mchoro au kwa kopo lililotiwa alama, kwamba 2/6 ni sawa na 1/3, na kwamba theluthi ni ndogo kuliko nusu. Yaani mama ameongeza dagaa, nao wamepungua! Mtoto mwenyewe ataliona kosa, na hapo kuigawa nusu kuwa robo mbili kutakuwa na maana kwake: robo mbili na robo moja ni robo tatu. Kigawe kidogo cha shirika kitafuata baadaye bila taabu.

Jibu la namna hiyo halipatikani katika vijitabu vya maswali ya usaili, ambavyo, kwa maoni yetu, huuzwa zaidi ya thamani yake. Linatokana na maandalio ya masomo, hasa yale ya wakati wa mazoezi ya kufundisha, ambayo wengi huyaandika ili yakaguliwe tu na kisha huyatupa. Tunashauri yatunzwe. Jioni bwenini wanachuo wawili wachukue andalio moja: mmoja afundishe hatua moja kwa dakika tano, na mwenzake amwulize "kwa nini" bila ya kumwonea haya. Pale mfundishaji anaponyamaza ndipo pa kusoma usiku huo.

Liko jambo jingine, la karani zaidi kuliko la mwalimu, lakini limewarudisha watu mlangoni. Matangazo ya usaili hudai kitambulisho na vyeti halisi. Hati za matokeo hazikubaliwi. Majina yakitofautiana baina ya cheti cha kuzaliwa na vyeti vya masomo, huhitajika hati ya kisheria ya kubadili jina, nayo huchukua muda kuipata. Mwanachuo ayalinganishe majina yake angali chuoni, herufi kwa herufi.